Saini ya Fundi Baruti

Obed Mhoja hakuwa mtu wa kutulia. Hata alipokuwa mezani mguu wake mmoja ulicheza chini, na mkewe Jenipher alikwisha kuzoea kuweka bakuli la mchuzi mbali na kiwiko chake. Watu wa Mikumi walisema ni kazi iliyomfanya hivyo. Mtu anayeishi kwa kupasua mwamba, atatulia saa ngapi?

Alikuwa amekuja mwaka 1969 kutoka Maswa, kijana wa miaka kumi na tisa, kutafuta kibarua kwenye barabara ya lami iliyokuwa inajengwa kwenda Zambia. Alianza kwa kubeba vyuma vya kuchorongea mwamba. Baadaye akashika mashine yenyewe, baadaye akaruhusiwa kuchomeka baruti kwenye matundu huku mkubwa wake akisimama nyuma yake, na mwaka 1978 serikali ikampa cheti. Cheti hicho, chenye picha yake akiwa bado na nywele nyingi, alikifunga kwenye nailoni akakiweka ndani ya Biblia. Tangu apewe hadi mwaka ninaouzungumzia ilikuwa miaka kumi na minane, na hakuna mtu aliyepoteza hata ukucha kwa baruti ya Obed. Kila alipopiga, alizunguka kilima chote kwa miguu akifukuza watu na mbuzi, akapuliza filimbi mara tatu, na baada ya mlipuko aliingia kwanza peke yake ndani ya vumbi kuangalia kama kuna tundu ambalo halikulipuka. Vijana walimcheka kwa woga wake. Yeye hakujali.

Kilima chenyewe kiliitwa Mgoda, nje kidogo ya Mikumi kwa upande wa Kidodi. Zamani machimbo yalikuwa ya shirika la umma. Mwaka 1993 shirika likauzwa kwa mtu binafsi kutoka Dar es Salaam, mageti yakapakwa rangi mpya, na nusu ya wafanyakazi wakaambiwa wabaki nyumbani. Obed alibakizwa kwa sababu ya kile cheti. Mwingine aliyebakizwa alikuwa mtunza ghala la baruti, Vitalis, mtu wa Mahenge, mpole, mwandiko mzuri kama wa mwalimu. Vitalis ndiye aliyesimamia ndoa ya Obed na Jenipher mwaka 1975. Kwa miaka yote hiyo wawili hao walikula chakula cha mchana kwenye sahani moja, wamekaa juu ya pipa tupu nyuma ya ghala.

Sheria ya baruti ilikuwa kali kwenye karatasi. Kila siku ya kupiga ilikuwa na fomu yake: vijiti vingapi vimetoka ghalani, vingapi vimetumika, vingapi vimerudi. Fundi ajaze kwa mkono wake, aweke saini, mtunza ghala naye aweke yake. Enzi za shirika walifanya hivyo bila kukosa. Lakini mwenye machimbo mpya alitaka kokoto. Malori yalipanga foleni tangu asubuhi, na kila dakika Obed aliyoinama kuandika, mtu alikuwa anapiga honi getini.

"Kaka, unajitesa bure," Vitalis alimwambia siku moja. "Saini tu fomu hizi za wiki nzima. Nitazijaza mwenyewe jioni. Namba si ninazo mimi?"

Obed alisaini. Wiki iliyofuata alisaini tena, na baada ya mwezi hakuona tena kuwa ni jambo la kufikiria. Alitia saini fomu tupu kama mtu anavyosalimia jirani, mguu mmoja ukiwa tayari njiani kwenda kilimani.

Aprili 1996, katikati ya masika, watu wawili walifika Mgoda kwa gari la polisi lililojaa tope mpaka kwenye vioo. Mmoja alikuwa koplo kutoka Kilosa. Mwingine alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, amechomwa na jua, ameshika mfuko wa sandarusi kana kwamba una mayai.

"Shikamoo mzee," alisema yule kijana.

"Marahaba. Karibuni."

"Mimi naitwa Beda. Ni afisa uvuvi, natoka pwani ya kusini."

Obed alidhani amesikia vibaya. Uvuvi na Mgoda vilikuwa na uhusiano gani? Beda alifungua mfuko akatoa katoni iliyobonyea, upande mmoja umelowa maji ya chumvi ukakauka ukawa mgumu. Akaweka kidole kwenye namba iliyopigwa chapa.

"Namba hii unaifahamu?"

Obed aliisoma mara mbili. Aliifahamu. Ulikuwa mzigo ulioletwa Mgoda mwezi Januari.

"Hii ni ya ghala letu. Mmeipata wapi?"

"Baharini. Ndani ya boti ya mashine, chini ya mbao."

Obed alicheka. "Bwana, kutoka hapa hadi baharini mtu anakesha njiani. Baruti yangu ikafanye nini huko?"

"Kuvua," alisema Beda.

Hakusema kwa hasira. Alieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi katika ofisi nyingi. Wavuvi wa aina hiyo wanatafuta mahali samaki walipokusanyika juu ya matumbawe, wanatupa, maji yanaruka, na samaki wanapasuka kibofu cha hewa tumboni. Wachache wanaelea, hao ndio wanaookotwa. Wengi wanazama. Na chini, yale matumbawe ambayo samaki wanazalia yanabaki vifusi.

Kisha akatoa kwenye mfuko kitu kilichofungwa kwa gazeti, akampa Obed. Kilikuwa kipande cheupe, kizito kuliko kilivyoonekana, chenye vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki. Obed alikigeuza. Hakuwahi kuliona jiwe la namna ile, lakini upande lilipokatika aliujua mara moja, jinsi fundi cherehani anavyojua kitambaa kilichochanwa na kilichokatwa kwa mkasi. Ulikuwa na nyufa nyembamba zinazotawanyika kutoka mahali pamoja. Nyundo haifanyi hivyo, wala maji hayafanyi hivyo.

"Hili limepigwa," alisema.

"Limepigwa. Na si jiwe, mzee. Lilikuwa hai. Linaota."

"Linaota?"

"Aina hii inaota upana wa ukucha wako kwa mwaka."

Obed alikitazama kile kipande kilichojaa kiganja chake. Alianza kupiga hesabu, akaiacha. Huko Mgoda alikuwa amepasua mwamba maisha yake yote bila kujiuliza lolote, kwa sababu mwamba ulikuwa mwamba. Alimrudishia Beda kipande chake upesi, akafuta mkono kwenye suruali.

Ndipo koplo akatoa fomu. Vitalis alikuwa amezikabidhi asubuhi ile bila ubishi. Koplo alichomoa moja, ya tarehe ishirini Machi. Vijiti sitini vimetoka, sitini vimetumika.

"Saini hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Siku hiyo ulipiga baruti?"

Obed alijua jibu kabla swali halijaisha. Tarehe ishirini Machi alikuwa Kilangali, kwa kaka yake, wakimzika shemeji yake. Kaka zake walikuwa wamemfuata na ng'ombe miaka ya themanini, wakalima mpunga huko, na siku ile ya maziko mvua ilinyesha mpaka kaburi likajaa maji na ikabidi wachote kwa ndoo. Hakukuwa na mtu mwingine Mgoda mwenye cheti cha kupiga. Na kama hakuwepo yeye, baruti ile haikulipuka Mgoda.

"Nipeni muda nikumbuke," alisema.

Beda alimwangalia. Hakumsukuma. "Tutarudi Ijumaa," alisema.

Gari lilipoondoka, Obed alikwenda moja kwa moja nyuma ya ghala. Vitalis alikuwa amekaa juu ya lile pipa, mikono magotini.

"Tangu lini?" Obed aliuliza.

"Kaa kwanza."

"Sikai. Tangu lini?"

"Mwaka jana. Septemba." Vitalis hakuinua uso. "Alikuja mtu na lori la mbao. Alijua kila kitu, kaka, alijua hata jina la mke wangu. Mimi nina watoto wawili sekondari, na siku hizi shule haiendeshwi tena kwa salamu. Nikasema wanavua samaki. Hawaui mtu, hawaibi benki. Samaki."

"Kwa jina langu."

"Kwa majina yetu wote wawili." Sasa Vitalis alimtazama. "Sikiliza. Waambie ulipiga siku hiyo. Mvua ilinyesha, ndiyo, lakini ulipiga. Mwamba hauna ulimi. Ukisema hukupiga, utaulizwa kwa nini ulisaini. Ukisema ulisaini fomu tupu, cheti chako kimekwenda na wewe mwenyewe umekwenda. Tuko pamoja hapa, kaka. Ukinivuta, unajivuta."

Obed alitaka kumpiga. Alitaka pia kukaa naye wale, maana ilikuwa saa ya chakula na sahani ilikuwa imefunikwa pale pale. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliondoka akapanda kilima, akashuka upande wa pili, akapanda tena, mpaka wachorongaji wakasimamisha mashine kumtazama.

Siku tatu zile alizimaliza kwa miguu. Aliamka, akatoka, akaenda mpaka kwenye kizuizi cha barabara kuu, akarudi, akakumbuka kitu asichokikumbuka, akatoka tena. Nyumbani aling'oa mlango wa banda la kuku akaufunga upya, akaona umepinda, akaung'oa tena. Jenipher alimwacha siku mbili. Siku ya tatu alimshika mkono wenye nyundo.

"Baba Fabiola, kuku wanataka kuingia."

Akamweleza yote, wamesimama hapo hapo bandani. Jenipher alisikiliza bila kumkatiza. Fabiola, binti yao, alikuwa ameolewa Morogoro. Nyumba ilikuwa ya watu wawili tu, na maneno yalisikika wazi.

"Ukisema kweli utafungwa?"

"Sijui."

"Nani anajua?"

"Sheria ndiyo inajua."

"Basi twende tukaiulize," alisema Jenipher. "Usiizunguke kama fisi anavyozunguka boma."

Walikwenda Kilosa kwa lori la mahindi. Njia ilikuwa mbovu, walishuka mara tatu kusukuma, na Obed peke yake kati ya abiria alionekana kufurahia kushuka. Ofisi ya mwendesha mashtaka ilikuwa chumba kimoja jirani na mahakama. Inspekta aliyekuwemo, mtu mzima mwenye miwani, aliwasikiliza mpaka mwisho. Beda naye alikuwepo, amekaa kwenye benchi la ukutani, mfuko wake miguuni.

"Umekuja mwenyewe, hilo nimeliandika," alisema inspekta. "Lakini sitakudanganya. Leseni yako inakutaka usaini ulichotumia, si kingine. Kusaini fomu tupu ni kosa. Ninaweza kukuita shahidi, na ninaweza kukuita mshtakiwa wa pili. Nitakalolifanya litategemea jalada lote, si huruma yangu."

"Kwa hiyo huwezi kuniahidi kitu."

"Siwezi."

Obed alisimama, akaenda dirishani, akarudi. "Na wale wa baharini?" aliuliza. "Nao watashtakiwa hapa?"

Inspekta alimwelekezea Beda kwa kidevu. Ilionekana walikuwa wamebishana juu ya hilo kabla wageni hawajaingia.

"Hapana," alisema Beda. "Hati ya mashtaka ya Kilosa haitakuwa na neno samaki. Hapa ni wizi na baruti tu. Sheria ya uvuvi inamkamata mtu akiwa na samaki mkononi, au na baruti botini. Miaka miwili iliyopita Bunge lilipitisha sheria ya hifadhi za bahari, nzuri sana, lakini nayo inalinda eneo lenye mipaka. Mimi nina boti moja, mafuta ya wiki moja, na ufukwe ambao siwezi kuumaliza kwa mwezi. Wakishanisikia ninakuja, wameshatupa kila kitu majini. Nimekamata watu kumi na moja, wote wametoka. Nikajiambia, baruti haizaliwi baharini. Nikiweza kuifuata mpaka inakotoka, labda. Wewe ndiye wa kwanza kukubali kunisikiliza, mzee. Wengine wote waliniambia bahari iko mbali."

"Hata mimi nilikuambia hivyo," alisema Obed.

Aliandika maelezo yake siku ile ile. Alipoulizwa kama alipiga baruti tarehe ishirini Machi, alisema hakupiga. Akasema alisaini fomu tupu, na kwamba ametia saini nyingi za namna hiyo ambazo hawezi kuzihesabu. Mkono uliokuwa hautulii siku zote uliandika jina lake polepole, herufi moja moja.

Vitalis alikamatwa Jumatatu. Mwenye lori la mbao hakuonekana tena Mikumi. Machimbo yakafungwa kwa uchunguzi, na kwa mara ya kwanza tangu 1969 Obed akakaa nyumbani bila mwamba wa kupasua, shahidi au mshtakiwa, hakuna aliyemwambia.

Wiki hiyo hiyo alikuja Fausta, mke wa Vitalis. Yeye na Jenipher walikuwa jumuiya moja kanisani, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakuwahi kubisha hodi kwenye nyumba ile. Alikuwa anaingia tu. Siku ile alibisha. Jenipher alimkaribisha kiti, akamletea maji, na Fausta akakishika kikombe bila kunywa.

"Shemeji," alimwambia Obed, "sikuja kugombana. Mume wangu amekosa, nakubali. Lakini wewe unaweza kusema umesahau. Watu wanasahau. Siku moja ya mvua kati ya siku zote hizi, nani atakushika?"

Obed alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje.

"Nimeshaandika, dada."

"Kilichoandikwa kinafutwa. Nieleze kitu kimoja tu. Samaki hao ni wa nani? Ni wa kwako? Ni wa Kilosa? Kuna mtu Mikumi amelala njaa kwa sababu yao?"

Obed alikumbuka kile kipande cheupe na zile nyufa, lakini ungemwelezaje mwanamke ambaye mumewe yuko rumande habari za ukucha mmoja kwa mwaka? Alisema, "Sijui ni wa nani."

Fausta aliweka kikombe chini, akasimama. Jenipher alimsindikiza mpaka kwenye mchongoma wa jirani. Aliporudi alikuwa analia, akaosha kile kikombe muda mrefu kuliko kilivyostahili.

Kesi ilisikilizwa Agosti. Inspekta alikuwa ameamua: Obed ni shahidi namba tatu. Mahakama ya Kilosa ilijaa, maana habari ilikwishasambaa kwamba kuna watu wa Mikumi waliouza baruti ya barabara kwa wavuvi, na hilo lilikuwa jipya kwa kila mtu. Wafugaji waliokuja na shauri lao la mipaka ya malisho waliacha benchi lao la nje wakaja kusimama dirishani.

Obed aliapa kwa Biblia. Alieleza kazi ya fundi baruti, fomu, malori, honi, na jinsi alivyoanza kusaini. Hakimu alimuuliza kwa nini hakukataa.

"Nilimwamini, Mheshimiwa. Na nilikuwa na haraka."

Hakimu aliandika. Kalamu yake ilisikika chumba kizima.

Vitalis hakuwa na wakili. Hakimu alimwambia kuwa ana haki ya kumuuliza shahidi maswali. Akasimama kizimbani, amekonda, shati lilelile aliloendea kazini. Walitazamana watu wawili waliokula sahani moja kwa zaidi ya miaka ishirini.

"Kaka," alianza Vitalis, hakimu akamsahihisha, akasema, "Shahidi. Uliwahi kuniona nikitoa baruti nje ya geti?"

"Sikuwahi."

"Uliwahi kumwona mtu niliyemuuzia?"

"Hapana."

"Umewahi kuiona bahari?"

"Sijaiona."

"Unawajua hao samaki wanaosemwa?"

"Siwajui."

"Sasa unanifunga kwa kitu usichokijua?"

Mguu wa Obed, uliokuwa ukicheza tangu aingie, ulisimama.

"Baruti ninaijua," alisema. "Kijiti kimoja ninajua kinafanya nini kwenye mwamba. Sitini vimetoka mkononi mwangu bila mimi kujua vinakwenda kupasua nini. Hilo ndilo ninalolisema, basi. La samaki atasema mwenye samaki."

Vitalis alisema hana swali jingine.

Alifungwa miaka mitatu. Katika hukumu hakimu alisoma mistari michache ambayo inspekta mwenyewe hakuitegemea: kwamba mahakama yake iko mbali na pwani na haina mashtaka ya uvuvi mbele yake, lakini sheria ya baruti imewekwa ili kitu kile kisifike pasipostahili, na haijalishi kama pasipostahili ni nyumba ya mtu au ni sakafu ya bahari. Beda alinakili maneno hayo kwenye daftari. Kisha hakimu akaagiza jalada la leseni ya Obed lipelekwe kwa wakaguzi wa baruti.

Barua ya wakaguzi ilifika Oktoba. Leseni ilifutwa. Obed alikitoa cheti kwenye Biblia, akakitoa kwenye nailoni, akakirudisha serikalini kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu barua ilisema kirudishwe na hakutaka kukituma kwa posta. Mgoda ilipofunguliwa tena, fundi mwingine alikuja kutoka Iringa. Utaratibu ulikuwa umebadilika: askari mmoja alikuja kila siku ya kupiga, ghala likafunguliwa mbele yake, na hakuna aliyegusa kalamu mpaka askari ameona kwa macho. Malori yalipiga honi, askari akajifanya kiziwi. Obed alipata kazi ya kuponda kokoto kwa nyundo kandokando ya barabara, pamoja na kina mama wa Mikumi. Wengine walimwita msaliti kwa sauti ya chini, wengine kwa sauti ya juu. Kila mwezi Jenipher alipika wali na maharage akayapeleka gerezani kwa Vitalis. Mara ya kwanza Vitalis aliyakataa. Mara ya pili aliyapokea bila kumuulizia mumewe. Fausta alikuwa amehamia kwao Mahenge na watoto.

Mwaka uliofuata mwenye lori la mbao alikamatwa pwani, na Obed akaitwa tena ushahidi. Alisafiri. Kesi ikaahirishwa. Alisafiri mara ya pili, hakimu alikuwa mgonjwa. Mara ya tatu jalada halikuonekana. Jenipher alimuuliza kama ataenda mara ya nne.

"Nitaenda. Nikikaa hapa nitang'oa tena mlango wa kuku."

Mara ya nne alitoa ushahidi. Mtu yule alihukumiwa kifungo na boti yake ikataifishwa. Miezi michache baadaye alikata rufaa akatoka kwa dhamana, na Obed hakupata kujua iliishaje. Lakini siku ile ya ushahidi, alasiri, Beda alimchukua kwenye boti ya serikali ili aone. Obed hakujua kuogelea. Alishika ukingo kwa mikono miwili, akainama kwenye ndoo yenye kioo chini ambayo Beda aliibonyeza majini.

Kwanza aliona vifusi. Alivifahamu: ulikuwa ni uwanja wa Mgoda dakika tano baada ya kupiga, ila bila vumbi. Beda akaisogeza boti polepole, na vifusi vikaisha. Kukawa na rangi. Obed hakuwa na majina ya vitu vile. Kulikuwa na vichaka, sahani, vidole, kila kimoja kimejaa samaki wadogo wanaoingia na kutoka kama watu sokoni, wasiojua kama kuna mtu juu yao. Alitazama mpaka shingo ikauma.

Ndipo ikaja. Haikuwa sauti kubwa. Aliisikia kwenye ubao wa boti kabla ya masikioni, mshindo mfupi, mzito, na samaki wote chini ya kioo wakapotea kwa pamoja. Beda alitazama saa yake akaandika.

"Umbali?" aliuliza, bila matumaini makubwa, kama anavyojiuliza kila siku.

Obed alikuwa amekwisha kusimama, boti ikiyumba. "Kilomita tatu, haipungui. Upande ule, nyuma ya kile kisiwa. Na si kijiti kimoja, wamefunga vitatu au vinne pamoja."

"Una hakika?"

"Hii ndiyo kazi yangu."

Beda aliwasha mashine. Walipofika hapakuwa na boti, ila samaki walioelea tumbo juu eneo la nusu uwanja wa mpira, changu wengi na wengine ambao Obed hakuwajua. Waliokota wachache kuwa vielelezo; kwa hesabu ya Beda walikuwa kumi na wanane. Beda aliwafunga kwenye mfuko wa sandarusi, akaandika tarehe, saa na mahali, akamwomba Obed aweke jina lake chini kama shahidi. Obed alisoma karatasi yote kwanza, kuanzia juu, akahesabu samaki mwenyewe mmoja mmoja, wakawa kumi na tisa. Beda akafuta, akaandika upya. Obed akaandika jina lake, akaketi, kisha akasimama tena, akabaki amesimama njia nzima mpaka ufukweni.